Yakizidi Yaende Wapi

Ramani yangu imerudi kutoka manispaa
na mstari mmoja wa wino mwekundu,
mwandiko umeinama kama mtu aliyechelewa kazini:
Maji ya tangi yakizidi yaende wapi? Onyesha.

Yakizidi.
Mimi nimezaliwa Manzese, chumba cha tatu kutoka chooni,
nimelala na madumu kuliko nilivyolala na ndugu zangu.
Najua bei ya dumu siku bomba likipiga mluzi wa hewa tupu.
Najua kunawia uso maji yaliyooshea mchele,
kisha hayohayo kuyapa miguu, kisha sakafu,
kisha kizingiti, ili vumbi lilale.
Hakuna aliyewahi kuniuliza: yakizidi?

Leo nina kiwanja Msongola, kwenye mteremko,
nina bati jipya, gata pande mbili,
na simtanki jeusi la lita elfu tano
limekaa juu ya jukwaa la tofali kama mgeni rasmi.
Masika ya mwaka jana lilijaa usiku mmoja.
Nilitoka na tochi, nikaligonga tumboni,
likanijibu kwa sauti nzito ya mtu aliyeshiba.
Nikacheka peke yangu gizani.
Sikutazama bomba la juu, lile la kufurikia,
lilivyokuwa likitapika ukutani,
na matapishi yakishuka, yakishuka.

Jirani wa chini anaitwa Mwinyimvua.
Msinicheke. Ndilo jina lake, na la babu yake.
Alfajiri alikuja na kiatu kimoja mkononi,
cha pili kilikwenda na ukuta wa choo chake.
Hakufoka. Alisema tu,
“Jina ni langu, dada, lakini mvua ya jana ilikuwa yako.”

Afisa wa majengo, Bi Nsajigwa, alifika kwa pikipiki.
Hakuingia sebuleni, vigae vyangu hakuvisifu.
Alifungua chupa yake ya maji ya kunywa,
akayamimina chini ya tangi, akachutama.
Maji yakasita. Yakanusanusa udongo.
Yakashika njia ya kwa Mwinyimvua.
“Unaona?” akasema. “Yenyewe ramani wanayo.
Iliyobaki ni ya kwako.”

Basi Chaurembo akachimba.
Shimo la kwanza, mbali na msingi, mbali na karo,
lilikutana na ufinyanzi mwekundu:
tukamwaga ndoo, tukatazama saa,
udongo ukanywa kwa kijiko, kama mgonjwa.
Akalifukia, akanitoza nusu siku.
La pili, nyuma ya mpapai, lilipiga mchanga.
Ndoo ikazama kabla hajafuta jasho.
Akashindilia mawe, kokoto juu yake,
akatandika bomba la inchi nne, akafunga wavu mdomoni
mbu wasije wakapanga humo bila kodi.
Nilitaka la inchi mbili, ni rahisi.
Akanitazama kama niliyemtukania mama.
“Mlango wa kuingilia mpana, wa kutokea kichochoro?
Hiyo nyumba ya harusi au ya fumanizi?”

Nikachora upya, mwenyewe, kwa rula ya mwanangu:
nukta, nukta, nukta, kutoka shingo ya tangi
mpaka duara dogo nyuma ya mpapai.
Mkono ulinitetemeka, sijui kwa nini.
Labda kwa sababu maisha yote nimejifunza kuyaomba maji,
na hapa naandika namna ya kuyaaga.

Kibali kina muhuri. Kiko kabatini, ndani ya nailoni.

Jana usiku ilinyesha ile ya kuziba maneno.
Nilitoka na tochi. Sikuligonga tangi.
Nilikwenda nyuma ya mpapai, nikainama,
nikasikia chini kwa chini: glu, glu,
koo kubwa lisilo na haraka.
Ng’ambo ya mpaka palikuwa na tochi nyingine,
imeinama vilevile, inasikiliza.
Hatukusemeshana.
Alizima yake kwanza.