Mwulizeni Celso

Kila tarehe mbili Aprili, ukumbi wa mji wa Mburucuyá
hupigwa deki, viti vya plastiki hupangwa,
na Fermín Aquino husimama kutuletea vita.
Hadithi njoo. Uongo njoo. Utamu kolea.

Mwaka wa kwanza alikuwa ameua mmoja, gizani, hana hakika.
Alipooa wakafika watatu.
Mjukuu alipozaliwa walikuwa kikosi kizima,
na bunduki ile ile iliyoshikwa kutu mikononi mwetu
ikawa inaimba kama kodiani ya harusi.
"Mnadhani natia chumvi? Mwulizeni Celso,
tulikuwa shimo moja."
Nami Celso huinamisha kichwa.
Wananiongezea divai.

Simlaumu. Mimi ningewaambia nini?
Kwamba tulitolewa kwenye joto la michungwa
tukapelekwa Malvinas na makoti mepesi, tuna miaka kumi na tisa;
kwamba adui niliyemjua kwa sura alikuwa maji,
maji yaliyopanda shimoni hadi magotini
mpaka vidole vya miguu vikawa rangi ya bilinganya;
kwamba tulisema Kiguarani ili sajini asijue tunamtukana,
na aliyeiba biskuti alilazwa chali juu ya barafu,
mikono na miguu imefungwa kwenye vigingi,
na waliomfunga walivaa bendera yetu begani?
Nani angebaki kukunja viti?

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.
Lakini maiti wetu, Anselmo Leyes, hana zamu ya kusema.
Fermín humsemea.
Kwa Fermín, Anselmo alikufa usiku, juu ya kilima,
makombora yakipasua mbingu, jina la nchi mdomoni.

Nilikuwepo. Ilikuwa mchana.
Hapakuwa na mlio, hata upepo ulikuwa umekwenda kupumzika.
Anselmo alimwona kondoo.
Akavuka uwanda akicheka, akitupigia mluzi tumfuate,
na bomu alilolikanyaga tulikuwa tumelitega wenyewe,
Fermín na koleo, mimi na ramani
ambayo baadaye ililowa.
Kondoo alikimbia kidogo.
Akasimama, akaendelea kula nyasi.

Mwaka huu alikuja Bi Eduvigis, mama yake.
Miaka yote hiyo hakuwahi.
Alikaa mbele, mkoba mapajani,
akasikiliza mpaka nchi ilipotajwa,
kisha akanyosha mkono kama mtoto wa shule:
"Zile soksi za kijani nilizompelekea,
zilimfikia? Siku ile alizivaa?"

Fermín, mwenye jibu la kila kombora, akakohoa.
Akatafuta glasi yake, na glasi ilikuwa mkononi.
Hakusema mwulizeni Celso.
Ukumbi mzima ukageuka wenyewe.

Miaka arobaini nimeubana ukweli chini ya ulimi
kama mtoto aliyekataa kumeza kwinini.
Nikafungua mdomo, nikasema:
"Alizivaa, mama. Zilikuwa kavu."

Hakuna kilichokuwa kikavu kule, hata kiberiti.
Na asubuhi ile alizivua, akapiga magoti matopeni,
akanivisha mimi,
maana miguu yangu ilikuwa imeanza kunuka
na Fermín alikuwa amekataa kulala karibu nami.
Akaenda kwa kondoo wake na viatu vitupu.
Ziko nyumbani, ndani ya kopo la majani ya mate,
juu ya kabati, mke wangu anadhani ni misumari.

Bi Eduvigis akafunga mkoba.
"Afadhali," akasema. "Maana nilizifuma mbiombio,
posta walikuwa wanafunga.
Kisigino kimoja nilikikosea, kikapinda.
Nimekuwa nikiwaza kama kilimuumiza."

Cha kushoto.
Kilikuwa cha kushoto, mama.
Nikainamisha kichwa, nikanywa.