Daraja Lisilovuka Mto

Barua imetoka juu, imepitia mikono minne,
wa mwisho wa Bi Zamoyoni, karani,
aliyeniwekea mezani pamoja na bakuli la karanga:
*Taja hali ya daraja la kugeuzia injini, Karakana ya Tabora.
Weka alama: Nzuri. Wastani. Mbaya.*
Visanduku vitatu, kila kimoja kidogo kuliko ukucha.

Basi nimeshuka shimoni, mimi na Lubisha,
kabla jua halijapasha chuma.

Daraja hili halivuki mto.
Shimo la mviringo, ukuta wa mawe,
na boriti mbili zimelala juu ya kitovu kimoja.
Injini hupanda ikitazama Kigoma,
hushuka ikitazama Dodoma.
Ndiyo safari yake yote.

Nimegonga ribiti moja moja,
nyundo ndogo, sikio karibu.
Iliyokaza hujibu *ting*.
Iliyolegea husema *dup*,
kama mtu anayekubali deni asilokusudia kulipa.
Mia tatu na kumi na mbili. *Dup* kumi na tisa.
Chaki iliisha kwenye ya kumi na tano;
nne za mwisho tumezitia alama kwa mate na vumbi.

Kutu: upande inakopiga mvua
chuma kinabanduka kama maganda ya kitunguu.
Upande wa pili rangi bado ipo,
ile nyekundu niliyoipaka mwenyewe mwaka nilioajiriwa,
msichana wa kwanza kupewa brashi badala ya ufagio.

Kitovu: nimeingiza mkono hadi kwapani.
Grisi imekuwa kiporo cha ugali.
Nimeikwangua kwa kijiko nilichotoka nacho nyumbani,
na chini yake chuma kinang'aa.
Kinang'aa!
Miaka tisa hajakigusa mtu.

Kisha Lubisha akasema, "Fundi, boriti inanguruma."
Nikaweka sikio. Si beringi.
Kwenye tundu la ribiti iliyodondoka zamani
nyuki wanaingia na kutoka bila kibali cha lango.
Lubisha alitaka moshi.
Nikamwambia, kwenu wapi wewe,
unafukuza nyuki Unyamwezi bila kuuliza?
Shika upau. Tusukume kwanza.

Mara ya kwanza, kimya.
Mara ya pili, mlio mmoja, na vumbi la kutu machoni.
Mara ya tatu tani thelathini zikakubali,
polepole, kama mtu mzito
anayegeuka kitandani ampishe mtoto.

Nusu duara. Tukakaa ukingoni kula karanga.
Hapo nyuki wakaanza kurudi kutoka miomboni,
kila mmoja na mzigo wake,
moja kwa moja hadi pale ulipokuwa mlango.
Mlango haupo.
Wingu dogo likasimama hewani juu ya shimo tupu,
likibishana na kumbukumbu.

Niliwatazama muda mrefu kuliko ninaolipwa.
Baba alistaafu karakana hii hii.
Miezi mitano baadaye, kila alfajiri,
alivaa ovaroli, akatembea kutoka Isevya hadi langoni,
akasimama, akarudi.
Mama alikuwa akimwachia chai kwenye chupa
bila kumuuliza ametoka wapi.

"Lubisha. Shika tena."
Tukalirudisha.

Sijaweka alama kwenye kisanduku.
Nimeandika pembeni, herufi za kubanana:
*Linazunguka.
Ribiti kumi na tisa. Grisi kilo nane.
Mbao za juu zimeliwa na mchwa, zote.
Rangi, kabla ya mvua, si baada ya kikao.
Lina wapangaji.*

Na kwa yule atakayetumwa na mtungi wa gesi kulikata,
nimeongeza mstari mmoja nyuma ya karatasi:
aje jioni,
wakiwa wamerudi wote.