Mizani ya Posadas

Nilipewa mizani, muhuri, na kiti kisicho na mgongo.
Daraja lilikuwa jipya, rangi yake bado inanuka,
na mto Parana chini yake, mwekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni,
ukipita bila kuulizwa hati.

Wewe, Bi Eulogia Ovelar, ulikuja kila Jumanne
kutoka Encarnación, ng'ambo, na kapu lako:
mihogo chini, limau juu,
na katikati soksi za nailoni usizotaka nizione.
Nilikuuliza, "Una nini?"
Ukajibu, "Nina watoto watano."
Hilo halikuwemo kwenye orodha ya ushuru.

Kisha redio ikatangaza mkataba.
Nchi nne zimetia saini. Ushuru utashuka
mwaka hadi mwaka, kama mto wakati wa kiangazi,
hadi mchanga uonekane.
Mkuu wa kituo, Bwana Zubeldía, alifungua chupa.
"Sasa sisi ni nyumba moja," alisema, "vyumba vinne."
Nikawaza: na mimi je, ndiye komeo?

Jumanne ile ulishuka kwenye basi unacheka.
Ukalitua kapu mezani pangu:
"Haya, nipishe. Nimesikia mpaka umekufa.
Nimekuja mazishini."

Nami nikasoma kifungu. Kifungu kilisema lori.
Kilisema kontena, cheti cha asili ya bidhaa,
wakala mwenye leseni, nakala tatu,
na saini ya mkaguzi wa mimea.
Hakikusema kapu.
Nikakuachia kilo mbili za vitunguu, matumizi ya nyumbani.
Vilivyobaki nikavimwagia mafuta ya taa, ndivyo tulivyoagizwa.
Harufu yake ilinikaa vidoleni hadi Pasaka.

Nyuma yako lori la soya lilipita,
limepigwa lakiri, dereva hakuzima hata injini.
Nikampungia mkono.

Sisemi mkataba ulikuwa uongo.
Kiwanda cha majani ya mate kilipata wanunuzi wapya,
mpwa wangu Leandro akapata kazi ya kupakia,
akajenga, akaezeka, akaoa; nilicheza harusini mwake mpaka viatu vikaachama.
Ila mvua inayojaza pipa la mwenye bati
ndiyo hiyo hiyo inayompiga utosini asiye na paa,
na mimi nililipwa kusimama katikati yao
nikiandika milimita.

Miaka ikaenda. Nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani.
Halafu bei za kwetu zikapanda. Kupanda ni neno dogo:
zilipaa kama tiara iliyokatika,
pensheni yangu ikabaki chini imeshika uzi.

Sasa basi la Jumanne ni langu,
mfuko wa nailoni nimeukunja ndani ya koti.
Kumbe meza yako iko nyuma ya stendi, karibu na mafundi redio.
Umezeeka vizuri, kwa hasira.
Ulinitazama mikono kwanza, uso baadaye.
"Una nini?"
Nikasema, "Nina mke. Ana kisukari."
Hukucheka.

Mizani ilikuwepo, hukuigusa.
Ulichota vitunguu kwa viganja, ukataja bei, ukafunga mfuko,
ukaufungua tena,
ukatia vingine vitatu.
"Nyongeza," ulisema. "Si yako wewe. Ni desturi ya meza hii."
Ukamgeukia mteja mwingine.

Niko foleni darajani, jua la saa nane.
Malori yana njia yao, yanapita.
Binti wa zamu, sare mpya, kalamu sikioni,
anaita anayefuata.
Kilo mbili, nitamwambia.
Vile vitatu
sijui aviandike wapi.