Kitanda cha Mlangoni

Barafu ilikuwa imeshika dirisha kwa ndani.
Tuliikwaruza kwa kucha, tukachora ngamia,
tukachora mwalimu wa hesabu na masikio yake,
tukawapumulia wakayeyuka.
Ilikuwa saa nne asubuhi tu.

Wazazi wetu walikuwa na mifugo huko nyuma ya Altai,
na Jumapili ya bweni haina kichwa wala mkia:
umeme umekatika, mpira umepasuka tangu Novemba,
kitabu pekee cha hadithi hakina kurasa za mwisho
na kila mtu keshajitungia mwisho wake, na keshausema.
Zolbayar alihesabu mbao za dari. Mia moja na kumi na sita.
Akahesabu tena. Mia moja na kumi na sita.
"Natamani kitu kife," akasema,
kama mtu asemaye natamani chai.

Hatukuwa wabaya. Nataka niliseme hilo mapema,
kisha nitazame kama litasimama mpaka mwisho.

Nergui alilala kitanda cha mlangoni, penye baridi.
Jina lake kwa lugha yetu ni Hana-Jina:
wazazi waliokwisha kuzika watoto wawili
walimwita hivyo ili pepo wabaya wapite
wakidhani hapo hakuna mtu.
Pepo walipita.
Sisi ndio tuliosimama.

Chini ya mto aliweka mfuko wa ngozi,
na ndani yake mifupa ya vifundo vya kondoo, ishirini na minne,
iliyolainishwa na vidole vya bibi yake hadi ikang'aa.
Kila mfupa una nyuso nne: farasi, ngamia, kondoo, mbuzi.
Unarusha, unasoma siku yako.
Usiku tulimsikia akiihesabu kwa kunong'ona,
na kusema kweli mnong'ono ule ulinibembeleza hata mimi.

Nani alianza? Hilo ni swali la walimu.
Mfuko ulikuwa kwa Zolbayar, kisha kwa Munkhjin, kisha kwangu,
ukizunguka kama chupa ya ugoro kati ya wageni.
Nergui alicheka kwanza. Alidhani amealikwa.
Kicheko kile, mpaka leo sijui nikiweke wapi.

Mlango wa jiko la makaa ulikuwa wazi.
"Ukiangukia farasi, tunakurudishia," alisema Zolbayar.
"Ukiangukia kingine, unakwenda kuota moto."
Ilikuwa sheria nzuri. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa
tulikuwa na kitu cha kungoja.
Mbuzi. Motoni.
Kondoo. Motoni.
Farasi! Tukapiga vigelegele, hata Nergui,
kisha Munkhjin akasema hauhesabiki, meza iliyumba.
Motoni.

Wangu ulikuwa wa kumi na moja. Ngamia.
Ningeweza kuugeuza kwa kidole; hakuna aliyenitazama mimi.
Sikuugeuza.
Nilitaka kuona.

Mfupa hauungui kama kuni.
Unakuwa mweusi, unapasuka kwa mlio mdogo,
halafu unanuka, unanuka,
harufu ya nywele na ya mchuzi uliosahauliwa jikoni.
Kufikia wa kumi na tano, hata kuchoma kulituchosha.
Zolbayar akapiga mwayo, akaimimina iliyobaki kwa mpigo mmoja,
akarudi kwenye mbao zake.

Nergui hakulia. Alikaa sakafuni karibu na jiko,
viganja vimeelekea chuma,
na nadhani (aibu yangu hasa ni hii)
nadhani alikuwa anaota moto,
kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwachia nafasi hiyo.

Jumatatu mpishi Dulmaa aliingia, akanusa,
akauliza ni nani amekula nyama bila kumgawia mtu.
Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Usiku nikaungoja usingizi.
Upepo. Makaa yakijituliza.
Kisha kule mlangoni pakaanza:
moja, mbili, tatu.
Alifika ishirini na nne.
Akaanza upya.