Hesabu ya Mapipa

Miaka thelathini na mmoja nimepanda Cwm Hesgen
kila Jumanne, lori likihema kwenye kona ya kanisa,
na sijawahi kuingia kwa mlango wa mbele.
Baa ya Kondoo na Nyota mimi naijua kwa tumbo lake:
mlango wa ardhini, kamba, godoro la magunia,
na mapipa yakishuka gizani, du, du,
kama mtu anayewabishia hodi walio chini.

Mwaka wa kwanza, mapipa kumi na mawili.
Machimbo yalikuwa bado yanautafuna mlima.
Wachimbaji waliingia na vumbi la mawe kwenye nyusi,
hata povu la bia likageuka rangi ya mvua.
Eluned hakuwauliza wanakunywa nini.
Mumewe, Idwal, aliimba kwa sauti nzito akifuta bilauri,
na ukuta wa vishale ulitoboka kama chujio.
Siku ya mishahara mbwa walilala nje kwa kukosa nafasi.

Machimbo yakafungwa siku ya Ijumaa.
Jumanne nikauliza nishushe mangapi.
“Acha tisa,” alisema Eluned, “huzuni nayo hunywa.”
Alisema kweli, kwa mwaka mmoja.
Kisha huzuni ikapanda basi, ikaenda mjini kutafuta kazi.

Saba.
Matano.
Idwal akafa msimu wa kondoo kuzaa;
wafugaji walikuja mazishini na damu ya uzazi kwenye kucha,
wakanywa wamesimama, wakarudi zizini.
Wiki ile tu, mapipa kumi.
Kufa kufaana, nilimwambia utingo wangu,
nikaujutia ulimi wangu mpaka daraja la chini.

Kampuni ya mjini ikainunua kwa bei ya trekta kuukuu.
Wakapaka kuta rangi ya majivu,
waking'oa benchi la Meirion lililokwisha shika umbo la makalio yake,
wakaleta sahani za mraba na kijana aitwaye Piers
aliyetaka risiti hata ya salamu.
Mapipa mawili, na kreti za divai.
Meirion aliketi nje ukutani na chupa yake ya chai,
akiitazama baa kama mtu anayemwona mtalaka wake
akipita na mume mpya, amependeza.

Piers aliondoka usiku. Deni likabaki.
Halafu sifuri.
Unaijua sifuri ya dereva?
Ni kona unayoipita bila kupunguza mwendo.
Miaka minne. Mbao madirishani,
kondoo wa kweli wakijikinga mvua kizingitini,
na bango likining'inia kwa msumari mmoja:
nyota imebaki, kondoo amefutika.

Sikujua kwamba jikoni kwa Tegwen mpeleka barua
watu walikuwa wakihesabu.
Mmoja aliuza beberu,
mmoja alitoa fedha za mazishi yake mwenyewe, akasema nitasubiri,
watoto wakaleta sarafu ndani ya soksi.
Haba na haba. Kibaba kilijaa Februari,
theluji ikiwa magotini,
na simu ikalia ghalani kwetu: pipa moja, tafadhali,
na kama lori lina nafasi, magunia mawili ya unga.

Sasa ni matatu; kiangazi, manne.
Kaunta inauza stempu, mkate, betri za tochi.
Alhamisi muuguzi hupima presha chini ya ubao wa vishale.
Meirion amepewa benchi, si lile, na hulilaani kila jioni.
Tegwen hajui kumimina, bilauri nusu ni povu,
na hakuna anayelalamika,
maana kila mmoja ana hisa katika povu lile.

Wiki ijayo nastaafu.
Nimemwonyesha Deiniol, kijana anayenirithi,
kamba, godoro, bawaba inayouma vidole.
Nimesahau kumwambia ngazi ya tatu inacheza.
Itanibidi nirudi Jumanne, bila lori, bila mzigo,
nisimame barabarani kama mgeni
nikiuangalia mlango wa mbele,
nisijue unasukumwa au unavutwa.