Kubwa Mno, Punguza

Saa saba usiku Tsiala anapiga simu kutoka Mestia:
picha ya nyonga ya mzee Jokia imekwama tena.
Asilimia nne, anasema. Nne tangu saa tatu.
Nyuma yake namsikia mzee akilaani theluji
kwa Kisvani, lugha nisiyoijua,
ila laana haihitaji mkalimani.

Mimi niko Kutaisi, jikoni, mguu mmoja una soksi.
Naiita seva ya kliniki kupitia VPN: inaitika.
Naita mara mia, inaitika mara mia.
"Njia ni nzima," namwambia.
"Njia nzima, na picha haifiki?"
Nachemsha maji ya chai.

Murman, mkuu wangu, ana dawa moja kwa kila ugonjwa:
zima, washa.
Tumezima. Tumewasha.
Wiki iliyopita alilaumu kebo, tukabadilisha kebo.
Juzi alilaumu panya.
Leo ni barafu kwenye mnara wa redio,
na barafu, anasema akipiga miayo, haina fundi.

Nabaki na handaki langu.
Humo kila pakiti huvikwa koti kabla ya kuingia,
koti zito, vifungo hadi kooni,
asiyehusika asijue kilichomo.
Nani alipima upana wa mlango
baada ya kuvaa koti?

Naanza kuongeza uzito, kama anayejaribu daraja la mbao:
kwanza mbuzi, kisha punda.
Baiti mia tano: jibu.
Elfu moja: jibu.
Elfu moja na mia nne: kimya.
Narudi nyuma, nasogea, narudi tena,
chai imepoa,
hadi saa nane na nusu nasimama ukingoni kabisa:
1372 inapita.
1373 haipiti.
Baiti moja! Nukta ya mwisho wa sentensi,
na sentensi nzima inatumbukia.

Kumbe salamu zilikuwa zinafika.
Hujambo, sijambo. Upo? Nipo.
Habari yenyewe ndiyo haikufika.
(Kaka yangu yuko Thesaloniki. Kila Jumapili
tunaongea dakika tatu,
na hatujawahi kupoteza hata neno.)

Lakini mbona hakuna aliyesema?
Kifaa kipya kule mlimani, walichofunga Novemba,
kikikuta mzigo umezidi mlango
huandika kikaratasi, *kubwa mno, punguza*,
kikamrudishia mtumaji. Ndiyo adabu ya mitandao.
Navifuata vikaratasi. Vimeandikwa, maelfu.
Vimeshuka mlima vyote hadi lango la kliniki,
na hapo mlinzi amevichana kimoja kimoja.

Nafungua kanuni za lango.
Ya kumi na saba: *ujumbe wa namna hii usipokelewe. Usalama.*
Chini yake tarehe, Machi, miaka mitatu iliyopita,
na jina langu.

Nakumbuka siku ile. Tsiala alinipa mkate wa nyama,
mafuta yalichuruzika hadi kwenye kibodi,
dereva alikuwa anapiga honi chini ya minara ya mawe,
nikaandika kwa kidole kimoja, nikakimbia.

Naifuta kumi na saba.
Napunguza kipimo cha handaki,
makoti yabaki, mizigo ipungue.
Asilimia nne.
Nne.
Tisa. Thelathini na moja. Nyonga ya Jokia inashuka
kipande kwa kipande, nyeupe kwenye weusi,
mpaka ufa unaonekana hata kwangu nisiye daktari.
Daktari Otari anasema wamfunge vizuri,
helikopta itapaa alfajiri, upepo ukikubali.

"Ilikuwa nini?" Tsiala anauliza.

Nina jibu lote, na tarehe yake.
Nalipima.

"Barafu kidogo," nasema,
na hilo linapita bila shida.