Hesabu ya Nyufa

Nilifika Langobaya saa nne, jua limeshaanza ukali,
na tochi, na koleo ndogo ya chuma,
na chupa sita zenye vizibo,
na fomu yenye safu: nyumba, chumba, ukuta, idadi.

Bi Mbeyu akanikaribisha kwa kunitazama viatu.
"Wewe ndiye mtafuta papasi?"
Ndimi.
"Basi vua. Humu haingii mtu na viatu,
hata serikali."

Nikavua.
Sakafu ya udongo, baridi, imenyunyizwa maji asubuhi ile.
Kuku wanne chini ya kitanda, mmoja anaatamia;
akaninyanyulia shingo kama karani wa zahanati
nikichelewa.

Papasi si mbu. Hana wimbo.
Hana mbawa za kukuamsha.
Mchana ni chembe ya udongo ndani ya udongo;
usiku hutoka, hunywa, hurudi,
na kabla hakujapambazuka
keshakunja miguu, kawa ukuta.
Utaugua homa, utapona, utashukuru,
kisha homa itageuka njiani
kama mtu aliyesahau kofia.

"Wamekuja na nani?" akauliza.
Porini wamo, nikamwambia, kwenye mashimo ya ngiri,
wamo tangu hapa hapajaitwa Langobaya.
Huja na kuku, na mkeka, na mzigo wa kuni.
Ufa ukiwapa nafasi, hawaulizi kodi.
Akacheka kidogo.
"Tumeambiwa usipoziba ufa.
Hatukuambiwa ndani ya ufa kalala nani."

Nikamulika. Ukuta wa kaskazini:
nyufa saba, mmoja mrefu kuliko mkono wangu,
ukipanda kutoka kichwani pa kitanda.
Nikachokoa kwa kijiti cha mwarobaini.
Mmoja. Watatu. Kumi na mmoja.
Wa mwisho kashiba, mweusi kama kunde iliyolowekwa,
na damu ile sijui ya nani humu ndani.

Nikasema nililofunzwa kusema:
kuku nje, kitanda mbali na ukuta,
kandika upya, pote,
usiache hata mwanya wa sindano.

Akanyamaza.
Akaichukua tochi mkononi mwangu, akamulika juu kidogo.

Palikuwa na mistari ya mkaa.
Ngowa akiwa wa miaka mitatu. Ngowa wa minne.
Wa mitano, siku aliyokataa kusimama wima.
Wa sita.
Ngowa wa saba, kajiinua kwa vidole vya miguu
akidhani mama haoni.
Ufa ule mrefu ulipita katikati ya miaka yake.
Juu ya saba, ukuta mtupu.

Fomu yangu haina safu ya hayo.
Nikatafuta neno katika mafunzo ya siku tatu, nikakosa.
Nikavaa viatu.

Wiki mbili baadaye ukuta ulikuwa na rangi moja,
mbichi bado, alama za viganja vyake
zimepanda hadi kwenye makuti.
Kuku wamehamia kibandani, wamekingwa na nguchiro,
na bado wanalalamika.
Na pale palipokuwa na ufa, msumari.
Kwenye msumari, kamba ya katani,
ncha yake ikigusa sakafu.
Mafundo matano.
La juu limekazwa mno, hata kucha haliingii.
"Nilimpima kwanza," alisema. "Kisha nikakandika."

Nikapiga magoti, nikamulika chini ya mguu wa kitanda.
Vumbini, wawili.
Wametulia, kama hawana habari na jasho la mtu.
Akainama kando yangu, akashika chupa,
mimi koleo,
na kwa muda hapakuwa na mgeni wala mwenyeji,
watu wawili tu wanaotafuta kitu kidogo gizani.

Nikaandika: ukuta wa kaskazini, sifuri.
Sakafu, wawili.
Kurudi, mwezi ujao.

Naye, akifunga kizibo:
"Ukija, njoo na chupa kubwa.
Na hivyo viatu, viache kwenu."